Watoto Waliotolewa Kitabuni

6 Machi 1950, Jumatatu

Nimeanguka. Mimi Batuli binti Jaffer, mkunga mwenye cheti cha Mombasa, nimeangushwa na tope la mlango wa jiko la hospitali, mbele ya mpishi aliyecheka kabla ya kuja kuniinua. Mfupa wa kifundo cha mguu umepasuka. Dokta Hallam ameufunga plasta mpaka chini ya goti na kuniambia nisikanyagie mguu huo mpaka mvua zikaribie kwisha.

Wodi ya wazazi amepewa Sista Persis, mwanamke mwenye roho nzuri na akili ya kuku. Mimi nimepelekwa afisini kumsaidia karani, kwa sababu Kiingereza ninakijua na mikono yangu haijavunjika.

Karani mwenyewe ni Thadeus Ondieki. Ana koti moja la kijivu na kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Anasema "kitabu yangu" na "kiti ile". Leo amenikaribisha kwa kunifutia kiti kwa mkono wa koti lake, kisha akaeneza vumbi lile lile mezani.

7 Machi

Mvua. Wenzangu wamesali kanisani asubuhi kabla ya kazi. Mwislamu hapa misheni ni mimi peke yangu, kwa hiyo nikabaki afisini na Thadeus akaenda kusali. Saa nzuri kuliko zote za siku.

9 Machi, Alhamisi

Sasa nimeelewa kazi niliyoletewa. Serikali inataka magonjwa yahesabiwe kwa namna mpya. Zamani karani aliandika alivyosikia: homa, tumbo, kifua, "alikufa tu". Tangu mwaka huu kila ugonjwa una namba, namba hizo hizo dunia nzima, ili bwana fulani Ulaya aketi na chai yake ajue watu wa Suneka wanakufa na nini.

Kitabu cha namba ni kikubwa. Kimo kabatini mwa Dokta Hallam, na ufunguo umo mfukoni mwake. Sisi tumepewa karatasi chache zilizopigwa taipu, zenye namba za magonjwa ya huku tu. Dokta alizichagua mwenyewe, kwa haraka ya mtu anayengojewa kwenye tenisi.

Chini ya namba nyingi mna maneno madogo ya Kiingereza. Mengine yanataja walio ndani ya namba ile. Mengine yanataja wasiokuwamo, na hayo kwa Kiswahili nimeyaita "Hawamo". Mfano, upungufu wa damu: hawamo wajawazito. Thadeus aliyasoma kwa kidole na midomo, kama mtoto wa madrasa anayejifunza herufi. Nikageukia dirisha nisimwone.

17 Machi, Ijumaa

Mvua tangu alfajiri. Mashamba ya mahindi kule chini yamekuwa mabwawa.

Nimemwona Thadeus akipiga mstari mwekundu juu ya jina. Nikauliza kwa nini.

"Huyu hayumo," alisema. "Ugonjwa ni kuhara, namba ni 571. Lakini chini imeandikwa hawamo watoto chini ya wiki nne. Huyu alikuwa na siku sita."

"Basi akaenda wapi?"

Alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Nikaona uso wa mtu asiyejua jibu. Sikutaka kumsubiri alitafute, nikarudi kwenye karatasi zangu. Nimejiwekea sharti kwamba nitazungumza na mtu huyu pale tu kazi inaponilazimisha.

18 Machi

Mguu unawasha ndani ya plasta. Mama amenitumia sambusa kutoka mjini. Sikumpa mtu.

25 Machi

Thadeus amekohoa siku nzima. Mvua imekohoa naye.

3 Aprili, Jumatatu

Dokta ametuita sote barazani. Alikuwa amechangamka, uso mwekundu kama nyanya. Alisema ripoti ya miezi mitatu ya kwanza imekwenda Kisumu, na ni ripoti ya kujivunia: vifo vya watoto vimepungua sana kuliko mwaka jana. Akamshukuru Mungu, kisha Sista Persis, kisha hesabu mpya "inayoonyesha mambo kama yalivyo". Persis akalia kwa furaha. Wakaimba.

Mimi niliegemea fimbo yangu nikiwaza: je, mimi ndiye niliyekuwa nikiwaua? Maana wodi nilipokuwa nayo vifo havikuwa vichache hivyo. Nimetoka, anaingia Persis asiyejua kupima joto bila kuuliza, na watoto wanapona wenyewe! Nimerudi afisini na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi, nikaipeleka kwa Thadeus. Nilimwambia mwandiko wake unafanana na njia ya konokono. Alisema, "Ndiyo, Sista," akaendelea.

9 Aprili, Jumapili

Pasaka yao. Hospitali nzima iko kanisani. Niliketi kwenye ngazi za afisi nikasikia watoto wanalia wodini. Nina masikio ya kazi yangu: kilio cha njaa nakijua, cha tumbo nakijua. Kile kilikuwa kilio chembamba, cha mtoto aliyekaukiwa maji mwilini. Kisha kikanyamaza. Nikajiambia amenyonya.

14 Aprili, Ijumaa

Nitaandika yote ya leo, hata kama mkono utauma.

Kabla ya adhuhuri aliingia mwanamume ameloa mpaka mifupani, kofia mkononi. Alisalimu, "Bwakire," akasimama pale mlangoni maji yakimtiririka. Thadeus alimwambia aketi. Akakataa, asije akalowesha kiti.

"Mimi naitwa Obwocha, wa Suneka," alisema. "Nafanya kazi ya chai Kericho. Bibi yangu ni Bathsheba. Alizaa hapa mwezi jana, mtoto mwanaume. Nilipata habari mtoto amekufa. Nimekuja kuuliza, mtoto yangu alikufa na nini?"

Swali la haki kabisa. Thadeus akafungua daftari la waliozaliwa, akampata. "Ndiyo. Bathsheba wa Obwocha. Mtoto mwanaume, mzima, kilo tatu." Kisha akafungua daftari la vifo. Nilimwona anapitisha kidole kwenye mstari mwekundu, anaupita, anarudi.

"Hapa hayuko," alisema polepole.

"Hayuko namna gani?"

"Katika hesabu ya waliokufa… hayuko."

Obwocha alifikiri. Hakupandisha sauti. "Alizaliwa, yuko," alisema. "Alikufa, hayuko. Kama hakufa, Bwana Karani, basi nipe nimpeleke nyumbani."

Mvua ilipiga juu ya mabati. Thadeus aliangalia meza. Mimi ndiye niliyeuliza, "Baba, kwa nini unataka kujua alikufa na nini?" Nilifikiri anataka kushitaki, au kudai.

Akanigeukia. "Sista, mama yangu amesema maziwa ya Bathsheba ni sumu. Amesema mwanamke yule ameua omwana one, mtoto yangu, na maziwa yake. Wamemrudisha kwao Masimba. Mimi nilikuwa Kericho. Sasa wananitafutia bibi ingine. Nataka kujua kama ni maziwa kweli, ama ni kitu ingine. Kama ni kitu ingine, nitaenda kumchukua."

Nilimwambia arudi Jumatatu. Nilisema nitamwambia mimi mwenyewe. Aliniangalia plasta, akaangalia uso, akavaa kofia iliyoloa na kutoka.

Nilipomgeukia Thadeus nilikuwa na maneno ya kumchuna ngozi. Sikuyasema. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

15 Aprili, Jumamosi

Nimemwomba Dokta Hallam kitabu kikubwa. Alicheka. Alisema kitanisaidia kupata usingizi, akanipa ufunguo bila kuuliza sababu. Kama ningeomba blanketi la pili angeniuliza maswali kumi.

Nimekisoma tangu asubuhi mpaka mchana, mguu juu ya kiti cha Thadeus. Nilianza kwenye 571. Maneno ni yale yale ya karatasi yetu: hawamo watoto chini ya wiki nne. Baada ya maneno hayo kuna namba, ipo hata kwenye karatasi yetu ila sikuijali, na ndivyo kila mahali, kila palipoandikwa Hawamo pana namba pembeni. Upungufu wa damu: hawamo wajawazito, na namba inakupeleka kwenye mlango wa magonjwa ya uzazi. Homa ya mapafu: hawamo wachanga, 763. Kuhara: hawamo wachanga, 764.

Nikafungua 764. Iko pale, nzima, imeandikwa wazi: kuhara kwa mtoto mchanga. Nayo ina mwenzake wa Hawamo: waliozidi wiki nne, nenda 571. Namba mbili zinatazamana, kila moja inamwelekeza kwa jirani mgeni asiye wake.

Kumbe neno lile halisemi mtu afutwe. Linasema mtu huyu si wa chumba hiki, mpeleke kile. Lazima umpeleke! Ukimtoa mlango wa kwanza na usimwingize wa pili, umemtupa nje kwenye mvua.

Karatasi zetu zina 571. Hazina 764. Hazina 763. Dokta hakuzichagua.

Nimerudia madaftari na mistari ile myekundu yote. Vifo havikupungua. Vimezidi kuliko mwaka jana.

17 Aprili, Jumatatu

Nilimfungulia Thadeus kitabu mbele ya macho nikamwonyesha. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilianza, "Mtu yeyote mwenye akili ya kutosha kufunga vifungo vya koti lake…"

"Sista," alinikata, jambo ambalo hajawahi kulifanya, "unafikiri mimi sikuona hiyo namba? Niliiona siku ya kwanza. Nilitafuta kwa karatasi yetu, haiko. Nikaenda kwa Dokta. Nikamwambia, Bwana, hawa watoto hawamo kwa 571, na hii 764 sisi hatuna, nifanye nini na wao? Alikuwa anaandika. Hakuinua kichwa. Alisema, 'Waache nje.'"

"Na wewe ukawaacha."

"Nikawaacha. Nikajua ni kosa, lakini nikasema labda Dokta anajua kitu mimi sijui. Amesoma kuliko mimi."

"Kwa nini hukuniambia mimi? Nimekaa hapa mwezi mzima!"

Alinitazama kwa mara ya kwanza usoni sawasawa. "Wewe? Wewe hata salamu yangu huitiki, Sista."

Nilimsogezea kitabu karibu.

Obwocha alikuja alasiri. Nilimwambia kwamba mtoto wake alikufa kwa kuhara na kwamba sababu yake nitaijua karibuni. Hakuridhika. Sikutarajia aridhike.

18 Aprili, Jumanne

Nimejikokota kwa fimbo hadi wodi ya wazazi. Plasta imeingia matope, liwalo na liwe. Nilikwenda kumshika Persis na kosa lake, maana mtoto wa siku sita hapati kuhara kutoka hewani.

Nilikuta sufuria moja ya maji ya sukari. Kijiko kimoja. Anazunguka nacho kitanda kwa kitanda, mtoto huyu, mtoto yule, akiwaimbia. Maji yanatoka kwenye tangi la paa, na mvua hizi zimeosha paa zima, uchafu ukaingia tangini pamoja na mavi yote ya ndege. Nilipokuwa mimi, kila mtoto alikuwa na kijiko chake na maji yalichemka mpaka yakalalamika.

"Umeyachemsha haya?" niliuliza.

"Kwa moto gani?" alisema Persis, akinionyesha jiko. Lilikuwa baridi, majivu ya juzi. "Kuni zimeloa. Niliomba makaa. Niliomba mara tatu, Sista Batuli, Mungu ni shahidi. Niliomba na chumba cha wagonjwa peke yao. Dokta akaniambia si lazima, vifo vimepungua. Akanionyesha hesabu. Mimi niliona watoto wanakufa, lakini hesabu ilisema hawafi. Nikafikiri labda huko kwingine hali ni mbaya zaidi."

Nikaketi kwenye kitanda kitupu. Huyu ndiye niliyemwita kuku. Alikuwa ameona kwa macho yake, akasema kwa mdomo wake, na karatasi kutoka afisini kwangu ikamwambia ana wazimu.

20 Aprili, Alhamisi

Dokta Hallam. Nimengoja siku mbili nipoe kabla ya kwenda. Kungoja hakukunisaidia kitu.

Nilimweleza 571 na 764. Nilimweleza tangi, kijiko na makaa. Alisikiliza huku akisafisha kiko chake. Kisha akasema ripoti imeshakwenda, na kuirudisha kungeleta "mchafuko usio na sababu". Akasema makosa madogo ya kikarani ni ya kawaida mfumo unapokuwa mpya. Akasema tutaanza kuandika sawasawa kuanzia Julai.

"Na watoto wa kabla ya Julai?"

"Sista Batuli," alisema, "unachoka. Mguu unakusumbua."

Mimi nimewahi kudharau watu wengi kwa mambo madogo: kwa lafudhi, kwa koti, kwa kutojua kula kwa adabu. Leo nimeona kwamba nilikuwa naichezea tu dharau. Nilikuwa naitumia kama mtu anavyooshea sakafu maji ya kunywa. Ile halisi nilikuwa bado sijammwagia mtu anayeistahili.

21 Aprili

Nimemtuma mtu mjini kwa kaka yangu Shueib. Amepakia magunia mawili ya makaa juu ya punda na kuyapandisha mwenyewe, huku akinitukana njia nzima kwa kuhudumia Wakristo bure. Mama ameleta vijiko vya shaba vya harusi yake. Persis amewasha jiko. Nimefundisha wanafunzi wa wodi: mtoto mmoja, kijiko kimoja, maji yachemke mpaka uyasikie kutoka mlangoni.

Thadeus amekaa na kitabu kikubwa anaandika upya daftari lote tangu Januari. Anafuata kila Hawamo mpaka mlango wake wa pili. Aliponiamkia asubuhi niliitika.

22 Aprili

Amekufa mmoja. Alikuwa amekwishakauka kabla ya makaa kufika. Thadeus alimwandika 764, akapuliza wino ukauke.

26 Aprili

Hakuna aliyekufa wiki hii. Mvua ya mawe imevunja vioo vya kanisa.

2 Mei, Jumanne

Amekuja afisa wa afya kutoka Kisumu kuangalia hospitali inavyotumia hesabu mpya. Mzungu mwembamba, viatu vimejaa tope, miwani imejaa ukungu. Tulipangwa barazani. Dokta akatoa nakala ya ripoti yake. Afisa akaipitia, akatoa pongezi. Alisema hajaona vifo vya wachanga vikipungua namna hii popote katika jimbo.

Thadeus alisimama. Hakuna aliyemwita. Koti lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote. Alisema kwa Kiingereza, maneno yakitoka moja moja, kwamba havikupungua. Kwamba watoto waliachwa nje ya hesabu. Akamkabidhi daftari alilolitengeneza upya.

Afisa alivua miwani, akaifuta, akasoma. Alichukua muda. Kisha akauliza, "Nani alisema waachwe nje?"

Nilimwangalia Dokta Hallam. Dokta Hallam aliangalia mvua.

"Mimi niliandika, Bwana," alisema Thadeus.

Nilidhani atamtaja. Nilimngoja amtaje. Hakumtaja. Ndipo Dokta akapata sauti yake. Alisema, kwa huzuni ya baba, kwamba bila shaka palikuwa na kutoelewana kwa lugha. Makarani wetu wanajitahidi, lakini Kiingereza ni kigumu.

"Alikuelewa vizuri sana," nilisema kutoka kitini kwangu. "Ulimwambia awaache nje, akawaacha nje. Kipi hakikueleweka hapo?"

Afisa aliniangalia, akaangalia plasta yangu yenye matope, akaandika neno kwenye kijitabu chake. Sijui neno gani. Kisha akaamuru: wodi ifungwe na kupakwa chokaa, tangi lisafishwe, makaa yatolewe kila wiki bila kuombwa, ripoti iandikwe upya. Yote tuliyoyataka, katika dakika za kunywa kikombe cha chai.

Na karani ahamishwe.

7 Mei, Jumapili

Nimekwenda Suneka, kwa kina Obwocha. Sikupaswa kutoka na mguu huu, lakini Thadeus aliazima baiskeli akanikalisha nyuma, plasta imenyooshwa pembeni kama mzigo wa kuni. Watu walisimama barabarani kututazama. Huko nyuma ningekufa kwa aibu.

Obwocha alikuwa anapalilia. Mama yake alitoka nje akasimama mlangoni, mikono kifuani. Thadeus alizungumza naye Ekegusii, mimi nikawa nikiyaokota maneno machache. Nilipoona yule mama anatikisa kichwa, nilimwomba Thadeus anitafsirie neno kwa neno.

"Mwambie mimi ni mkunga. Mwambie mjukuu wake alipewa maji machafu kwa kijiko cha hospitali. Maziwa ya Bathsheba yalikuwa mazuri. Laiti angepewa hayo tu, angekuwa hai."

Thadeus akamwambia. Mama yule akauliza kitu. Thadeus akanigeukia. "Anauliza, nani alimpa hayo maji."

"Mwambie sisi."

Aliyasema. Bibi kizee aliketi chini pale pale kizingitini, akajifunika uso kwa leso. Obwocha aliweka jembe lake chini. Hakutushukuru, na sikuona sababu ya kushukuriwa. Aliingia ndani, akatoka amevaa shati safi, akashika njia ya kwenda Masimba bila kutuaga.

12 Mei

Plasta imetolewa. Mguu mwembamba kama wa kuku aliyekonda. Natembea.

20 Mei, Jumamosi

Thadeus ameondoka. Wamempeleka zahanati ya Kenyenya, huko mbali, ambako hakuna karani kwa sababu hakuna cha kuandika. Nilimsindikiza mpaka kwenye lori. Sanduku lake lilikuwa dogo.

Nilimwambia, kwa kuwa nilikuwa nimelifikiria neno hilo siku nyingi na lilikuwa zito mdomoni kwangu, kwamba alionyesha ushujaa siku ile barazani kuliko mtu yeyote niliyemwona.

"Usinisifu, Sista," alisema. "Aliyesema waachwe ni Dokta. Lakini kalamu ilikuwa kwa mkono yangu."

Sikumsahihisha Kiswahili chake. Nilimpa vitumbua vya Mama kwenye karatasi. Dereva alipiga honi, akapanda nyuma juu ya magunia, akakaa wima kama yuko afisini.

29 Mei

Wazazi watatu leo. Mabinti wawili na mvulana aliyetoka akipiga kelele za hasira. Persis na mimi tunafanya kazi bega kwa bega. Bado anaimba vibaya.

3 Juni

Habari ya kweli, si uvumi, barua imebandikwa barazani: Dokta Hallam amepandishwa. Anakwenda kuongoza hospitali kubwa ya misheni yao huko nje, kwa ajili ya "usimamizi wake wa mfumo mpya na hatua alizochukua wodi ya wazazi". Hatua alizochukua! Nilimsomea Persis mara mbili, akadhani namtania.

10 Juni, Jumamosi

Leo tumemuaga Dokta. Jua limewaka, mvua zimekwisha kabisa, na meza zilitolewa nje kwenye nyasi. Chai, keki, na wimbo. Mchungaji alisimama akasema wafanyakazi wamekubaliana kwamba neno la shukrani litolewe na Sista Batuli, kwa kuwa hapa hakuna anayekijua Kiswahili kama yeye. Kweli hakuna.

Nilisimama. Sikuwa nimeandaa kitu. Nilimtazama Dokta katika suti yake nyeupe, kikombe magotini, ameinamisha kichwa upande mmoja kama wafanyavyo wasiojua lugha na wanaotaka kuonekana wanasikiliza. Miaka saba hapa, na Kiswahili chake kinaishia "fungua mdomo" na "lipa pale".

Nikaanza.

"Mtoto wa Bathsheba, wa Suneka," nilisema. "Mtoto wa Orpah, wa Masimba. Mtoto wa Drusilla, wa Nyamira. Pacha wa Marion, wote wawili. Mtoto wa Mong'ina, aliyekuja kwa miguu kutoka Kenyenya…"

Niliendelea. Sikuharakisha. Vikombe vilishuka mezani kimoja baada ya kingine. Mpishi alivua kofia. Persis alisimama wima, kisha wauguzi wengine, kisha mchungaji mwenyewe, ambaye alianza kuelewa na uso ukambadilika. Nilimtaja kila mmoja kwa mama yake mpaka wa mwisho, yule wa Aprili ambaye makaa yalimchelewa. Kisha nikaketi.

Dokta Hallam alitazama huku na huku, akatutabasamia sote, machozi yakimlengalenga kwa majina mengi namna ile, akidhani ni ya watu wanaomshukuru.

Akapiga makofi.